Mechi Moja Tu Imenichania



Kuna biashara moja hapa kwetu ambayo haifungi. Duka la dawa linafunga, benki inafunga, hata wakala wa pesa pale kona ya kwenu ikifika saa nne usiku ameshateremsha mlango. Lakini saa tisa ya usiku, uwe Namtumbo, uwe Ujiji, uwe Lodwar au Mtwapa, ukiwa na hela ya chai na andazi na simu ya kitochi isiyo hata na intaneti, unabonyeza nyota, unabonyeza reli, unachagua timu ya nchi ambayo huwezi kuionyesha kwenye ramani, na hela yako inapokelewa. Meseji ya kukushukuru inaingia kabla hujageuka ubavu.

Hiyo ndiyo biashara ninayotaka tuizungumze leo: kubeti kwa simu. Na nisingependa kuhubiri. Msikitini tumeshaambiwa kamari ni haramu, kanisani tumeshaambiwa, na wazee wetu nao walisema ya kwao. Sina cha kuwaongezea. Nataka tufanye kitu kimoja tu ambacho wengi hawajawahi kukifanya, nacho ni kuupigia hesabu mkeka wenyewe, yaani ile orodha ya mechi unazozibetia kwa pamoja. Maana nimekaa na vijana wanaobeti, na nakuhakikishia wanajua mpira kuliko sisi tunaoutangaza. Wanajua nani ana kadi mbili, nani kaumia goti, kocha gani kagombana na nani. Ila ukimuuliza mkeka wa mechi kumi una nafasi ngapi za kutiki, yaani mechi zote kutokea ulivyotabiri, anakutazama usoni halafu anacheka.

Lakini kwanza tukumbushane tulivyofika hapa. Zamani kamari ilikuwa na mahali pake. Yule mtu wa karata tatu alikuwa stendi au pembeni mwa soko, na ukitaka kuliwa ulimfuata mwenyewe kwa miguu yako. Kasino zilikuwa mjini, mlangoni kasimama baunsa, na mwenye kandambili hapiti. Bahati nasibu ulinunua tiketi, ukarudi nyumbani, ukasubiri droo kwa siku kadhaa. Kati yako na kamari kulikuwa na safari, kulikuwa na muda, na kulikuwa na watu wa kukuona ukiingia.

Mwaka 2007 M-Pesa ikaanza Kenya. Mwaka uliofuata ikaja Tanzania, na mitandao mingine ikafuata na huduma zake. Hakuna aliyekuwa akiwaza kamari. Ilikuwa ni ili kijana aliyeko mjini aweze kumtumia mama yake kijijini hela ya mbolea bila kumpa kondakta wa basi bahasha. Jambo jema, na limetusaidia sana. Ila hela ikishakaa kwenye simu, kila mwenye kuitaka ataifuata huko huko. Mwaka 2014 kampuni ya kubeti ya SportPesa ikafungua milango Kenya, na nyuma yake kampuni nyingine chungu nzima. Mwaka 2017 kampuni ya utafiti ya GeoPoll ikawauliza vijana wa nchi kadhaa za Afrika, kupitia simu zao, kama wamewahi kubeti. Kenya iliongoza: asilimia 76 walisema ndiyo. Vijana watatu kati ya wanne.

Mwaka huo huo wa 2017 ulikuwa na mambo. Mwezi Mei, Samuel Abisai wa Kenya alitabiri sawasawa mechi zote 17 za jakipoti ya SportPesa, akalipwa zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya. Picha yake na ile hundi kubwa ilizunguka kila kundi la WhatsApp. SportPesa ikavuka mpaka ikaja Tanzania, ikaingia kwenye jezi za mahasimu Simba na Yanga kwa pamoja, kitu ambacho hata siasa haijaweza. Julai ikawaleta Everton wa Uingereza Dar es Salaam, wakacheza na Gor Mahia ya Kenya pale Uwanja wa Taifa, na Wayne Rooney, mechi yake ya kwanza tangu arudi klabu yake ya utotoni, akapiga shuti la mbali likaingia. Everton wakashinda mbili kwa moja. Waliokuwepo uwanjani bado wanasimulia. Sasa kijana wa miaka kumi na tisa, ameona Rooney kwa macho yake, ameona milioni 221 kwenye simu, ameona nembo ile ile kifuani mwa timu anayoipenda: utamwambia nini akuelewe?

Mwambie hesabu. Ile jakipoti ya mechi 17, kila mechi ina majibu matatu: wa nyumbani kashinda, sare, au mgeni kashinda. Tatu zidisha kwa tatu, mara kumi na saba. Unapata namna milioni 129 na ushee za kuijaza karatasi hiyo. Sawa, mtu anayejua mpira hajazi kwa kufumba macho, kwa hiyo nafasi yake ni nzuri kuliko moja katika milioni 129. Iboreshe mara elfu ukitaka. Bado ni moja katika laki moja na elfu ishirini na tisa. Abisai alishinda kweli, na alilipwa kweli. Ila wale wengine wote waliojaza wiki ile hawakupigwa picha.

Tuiache jakipoti, tuje kwenye mkeka wa kawaida wa Jumamosi, maana huko ndiko hela zinakoteketea.

Ingia kibanda umiza chochote mchana wa ligi. Madirisha yamezibwa kwa maturubai ili runinga zionekane, feni inazunguka kwa uchovu, mabenchi yamejaa mpaka mlangoni. Niliketi jirani na kijana wa bodaboda, kizibao chake cha kung'aa bado kakivaa, kofia ngumu kaipakata. Kwa sababu tulikuwa tumeshasalimiana vizuri akanionyesha mkeka wake. Mechi kumi. Timu kubwa za Uingereza, Ujerumani na Hispania, zote za nyumbani, zote zinacheza na vibonde. Na katikati yake timu moja ya Kazakhstan.

"Hii ya Kazakhstan umeitoa wapi?"

"Hiyo ya kujazia tu, mzee wangu. Hiyo uhakika."

Sasa nataka tuuangalie huo uhakika. Kila timu kwenye mkeka ule ilikuwa na odds, yaani namba ya kuzidishia dau lako ukishinda, za karibu 1.25. Odds za 1.25 maana yake, kwa hesabu za kampuni yenyewe, timu hiyo ina nafasi isiyozidi nane katika kumi za kushinda. Nane katika kumi ni nyingi, na mtu akiiangalia mechi moja moja anaona mbona zote zinatiki. Lakini mkeka hautaki mechi moja moja. Unataka zote kumi kwa pamoja. Kwa hiyo unazidisha nane ya kumi kwa nane ya kumi, kwa nane ya kumi, mpaka mara kumi. Jibu ni asilimia 11 hivi. Katika mikeka 100 ya namna ile, ya timu kubwa tupu, ya "uhakika", inatiki 11.

Sasa kaa vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Je, mikeka mingapi kati ya hiyo 100 itaharibiwa na mechi moja tu? Mikeka 27. Na mingapi itaharibiwa na mechi mbili? Thelathini. Yaani kwa kila mkeka mmoja unaoshinda kuna miwili na nusu inayokosa kwa mechi moja, na karibu mitatu inayokosa kwa mechi mbili. Kile kilio tunachokisikia kila Jumapili asubuhi kijiweni, "mechi moja tu imenichania," kila mtu anakisema kana kwamba ni mkosi wake binafsi, kana kwamba kipa yule wa Kazakhstan alimlenga yeye. Hakuna mkosi. Mkeka mrefu umetengenezwa hivyo. Kukosa kidogo ndiyo matokeo yake ya kawaida, na ndiyo hayo yanayomrudisha mtu kubeti wiki ijayo, kwa sababu anaamini alikuwa karibu.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwapima watu ubongo wakiwa wanacheza mchezo wa mashine, ile aina ambayo mitaani tunaiita dubwi. Wakakuta kwamba mtu akikosa kidogo, zile sehemu za ubongo zinazochangamka akishinda zinachangamka pia, ingawa hela imeshaliwa. Wachezaji hawakufurahi, walisema wenyewe kwamba inauma. Lakini hamu ya kuendelea ilipanda, na ilipanda hasa pale mchezaji alipokuwa amechagua mwenyewe alama yake. Na nani aliyechagua mechi zote kumi za mkeka wako?

Bado hatujazungumzia sehemu ya mwenye duka. Chukua dau ambalo nafasi zake ni sawa kwa sawa, kama vile magoli yatakuwa matatu na zaidi au pungufu ya hapo, mechi ambayo hata kampuni haijui. Kwa haki, ungelipwa mara mbili ya ulichoweka. Wao wanaandika 1.90. Shilingi mia moja inakulipa 190 badala ya 200. Tofauti ndogo, hakuna anayeilalamikia, na kila biashara ina faida yake. Sasa panga mechi kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja na uweke elfu moja. Kampuni inakuahidi kama shilingi 613,000. Macho yanatoka! Lakini mkeka huo huo, kwa haki ya nafasi zake, ungetakiwa kulipa 1,024,000. Laki nne zimebaki dukani, nawe umefurahia laki sita. Ile kata ndogo ya kila mechi imejizidisha yenyewe mara kumi. Ndiyo maana ukitaka kuongeza mechi ya kumi na moja wanakupigia makofi, wanakupa na bonasi juu.

Na mechi za kweli angalau zina dakika tisini. Mtu anasubiri, anapiga stori, anakunywa soda, hela yake imelala pale. Siku hizi kuna mechi za kompyuta, timu zisizokuwepo, wachezaji wasiozaliwa, zinaanza na kwisha ndani ya dakika chache, usiku na mchana. Halafu kikaja kindege. Jina lake rasmi ni Aviator, kimetengenezwa na kampuni ya Spribe kutoka Georgia, ile nchi ya kule Kaukasi. Kwenye skrini kuna ndege nyekundu inapaa, na kadiri inavyopaa namba inapanda: moja nukta mbili, moja nukta tano, mbili, tatu. Hela yako inazidishwa kwa namba hiyo, mradi ubonyeze kuitoa kabla ndege haijatoweka. Ikitoweka kabla yako, umeliwa. Duru haifiki dakika, na nyingine inaanza. Pembeni unaona majina ya watu wengine na walichotoa, mmoja katoa kwenye nane, mwingine katoa kwenye ishirini, na wewe umetoa kwenye moja na nusu, unajiona mwoga.

Watengenezaji wenyewe wanatangaza kwamba kwa wastani katika kila shilingi 100 zinazowekwa, 97 zinarudi kwa wachezaji. Ukiisikia haraka haraka ni mchezo wa haki kabisa. Tatizo ni kwamba zile tatu zinazobaki zinakatwa kila duru. Mtu anayeweka elfu moja moja kwa duru 100 amepitisha laki moja mkononi, na kwa wastani elfu tatu imekwenda. Na mtu hachezi duru 100 akasimama. Aliyeshinda anaweka tena alichoshinda, aliyeliwa anaongeza dau ili akomboe, na simu iko chini ya shuka, mke kalala. Mpira ulimpa mtu saa moja na nusu ya kutafakari. Kindege hakimpi hata muda wa kupiga chafya.

Ikifika hapo, hela inakwisha. Na hapa ndipo biashara hii ya simu inapotofautiana na kamari zote walizozijua babu zetu. Mtu wa karata tatu akikumaliza, ulikuwa unarudi nyumbani mikono mitupu, hasira kifuani, lakini umerudi. Huku kwenye simu, hela ikiisha, mkopo uko kwenye simu hiyo hiyo. Tulianza na mikopo ya mitandao ya simu na mabenki, kama M-Pawa ya mwaka 2014, yenye masharti yanayoeleweka. Kisha zikaja programu za kukopesha kiholela, mpaka Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Watu wanaziita kausha damu, na aliyewahi kupigiwa simu na watu wale, wakawapigia na ndugu zake na bosi wake, anajua jina hilo halikutungwa kwa utani.

Mkopo unaingia kwenye pochi ya simu. Pochi ya simu ndiyo hiyo hiyo inayolipia kubeti. Saa nane na dakika kumi usiku hela imeingia, saa nane na dakika kumi na mbili imetoka. Hakuna aliyemuuliza kitu. Hakuna mlinzi mlangoni, hakuna jirani wa kumwona, hakuna hata safari ya kwenda benki ambayo ingempa nafasi ya kughairi. Na si hela yake peke yake iliyo kwenye hiyo laini. Kuna mweka hazina wa kikoba ambaye laini yake imebeba akiba za akina mama ishirini. Kuna kijana wa chuo ambaye boom, ile hela yake ya kujikimu, limeingia jana na kodi ya chumba ni kesho. Kuna dereva ambaye hesabu ya bosi anaituma jioni. Wote hawa wanajiambia neno moja: nikishinda narudisha.

Palipo na watu waliokata tamaa hawakosi wa kuwakamua mara ya pili. Hawa ndio wauza mechi za kupangwa wa Telegram. Nikueleze wanavyofanya, maana ujanja wao ni wa kitoto ukishaujua. Anakusanya watu 900. Mia tatu anawaambia nyumbani atashinda, mia tatu sare, mia tatu mgeni. Mechi ikiisha, kundi moja la watu 300 limeona kapatia. Wale 600 anawaacha. Hao 300 anawagawa tena, mia, mia, mia. Baada ya mechi mbili kuna watu 100 ambao wameona kwa macho yao mtu huyu hakosei, tena amewapa bure. Hao sasa ndio anaowaambia: ya tatu ni ya kulipia, tuma elfu hamsini. Na wapo wanaouza programu za kutabiri kindege. Jiulize tu, mwenye kujua kindege kitatoweka lini ana shida gani ya elfu kumi yako?

Nisije nikaeleweka vibaya. Wapo watu wengi wanaoweka mia tano yao Jumamosi, wakikosa wanacheka, na wiki inaendelea. Hao siwaiti wagonjwa. Lakini ugonjwa upo, na una jina katika vitabu vya tiba. Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha uraibu wa kamari kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, ukikaa sehemu moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Oktoba 2024 jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la tiba la Lancet Public Health likakadiria kwamba watu wazima milioni 80 duniani wana uraibu huu au wanacheza kwa namna inayowaharibia maisha. Na wataalamu hao wakaonyesha kidole kwenye simu hasa, na kwenye nchi zinazoendelea ambako sheria zimeachwa nyuma na teknolojia.

Dalili zake si za kificho ukikaa na mtu. Anabeti ili kukomboa zilizoliwa. Anaficha simu, anafuta meseji. Anadanganya kuhusu hela ndogo ndogo, nauli, vocha, ada ya mtihani. Anauza kitu cha nyumbani na kusema kimeibiwa. Hasira za ghafla, usingizi hakuna. Na uraibu huu huja pamoja na sonona, na kwa wengine mawazo ya kujiua, kwa sababu deni lina aibu na aibu haina mtu wa kuambiwa. Kama ni wewe unayenisikia sasa hivi na umefika hapo, tafadhali usibaki peke yako usiku huu. Mwambie ndugu, mwambie rafiki, mwambie kiongozi wako wa dini, kisha nenda hospitali. Muhimbili wanao wataalamu wa afya ya akili, Dodoma ipo Mirembe, Nairobi ipo Mathari, na hospitali za mikoa zinaweza kukuelekeza. Ni tiba kama tiba nyingine, na watu wanapona.

Serikali zetu je? Hapa nitapita haraka, maana habari yake ni ya kuyumba. Kenya mwaka 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, namba zao za malipo zikafungwa, SportPesa ikatangaza kusimamisha shughuli. Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki bila mfadhili. Mwaka uliofuata jina la SportPesa likarudi hewani. Ushuru wa kila dau ukawekwa asilimia 20 mwaka 2019, ukafutwa 2020, ukarudi 2021 kwa asilimia saba na nusu, ukapanda, ukapanda tena, halafu 2025 ukashuka. Aprili 2025 wakasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na Agosti wakapata sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, ya enzi ambazo simu ilikuwa ya posta. Uganda sheria yao inasema asiyefikisha miaka 25 asicheze. Kwetu Tanzania ni 18. Ugumu ni kwamba Hazina nayo inakula mezani. Kila mkeka unaochanika unaacha kitu serikalini, na ni vigumu kumkemea mtu anayekuletea mchuzi.

Na tuseme ukweli wote, sisi wa redio tunakula meza hiyo hiyo. Tangazo la kubeti linalipa mishahara ya watangazaji wengi katika ukanda huu, na sitashangaa ukilisikia moja kabla ya taarifa ya habari ijayo. Jezi za Ligi Kuu ya Uingereza nazo ni hivyo hivyo, ingawa klabu zao zimekubaliana kwamba kuanzia msimu wa 2026/27 nembo za kampuni za kamari zitoke kifuani.

Wapo wanaotaka kubeti kupigwe marufuku kabisa. Mimi sioni kama itafanya kazi. Ukizifunga zenye leseni, zipo za nje zisizo na leseni, hazina ofisi Dar wala Nairobi, hazilipi kodi, na ukidhulumiwa huna pa kwenda. Lakini kuna jambo moja linalowezekana kesho asubuhi. Uingereza, ambayo ndiyo mama wa kubeti, tarehe 14 Aprili 2020 ilikataza watu kubeti kwa kadi za mkopo. Beti hela yako ukitaka, ya kukopa hapana. Sisi kadi za mkopo tunazo wachache, kadi yetu ya mkopo ni simu. Na kampuni ya simu inajua, kwa dakika na kwa sekunde, kwamba hela hii imeingia kama mkopo na sasa inataka kwenda kubeti. Mitambo yao inaweza kuizuia. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, Benki Kuu na kampuni za simu wakae meza moja waiagize hiyo: mwenye mkopo ambao hajaulipa, akaunti yake ya kubeti isipokee hela mpaka amalize deni. Haigusi mia tano ya mtu ya Jumamosi. Inamgusa yule wa saa nane za usiku.

Wakati tunawasubiri, nina ombi kwako wewe unayebeti. Usiache leo, sijakuomba uache. Omba mtandao wako ukupe taarifa ya miamala ya miezi mitatu, wanakutumia. Chukua kalamu. Jumlisha zote zilizokwenda kubeti, kisha jumlisha zilizorudi, utoe. Usiihesabu kwa kichwa, maana kichwa kinakumbuka ulizoshinda tu. Ukishapata jibu, mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani kwako, mke, mume, mama, yeyote mnayekula naye chungu kimoja. Na kama jibu hilo huwezi kumwonyesha mtu yeyote, ingia kwenye akaunti yako ya kubeti usiku huu huu, tafuta sehemu ya kujizuia, uifunge akaunti hiyo.